Kutoka Daftari la Zamu hadi Opereta: Historia ya Kuhamisha Data Ndani ya Makontena

Kuhamisha data, yaani kuitoa taarifa katika mfumo mmoja na kuiingiza katika mwingine bila kuipoteza wala kuipotosha, ni kazi iliyoitangulia kompyuta ya kielektroniki. Tangu Herman Hollerith alipotumia kadi zilizotobolewa kuchambua sensa ya Marekani ya mwaka 1890, ofisi iliyobadili mashine ililazimika pia kutafuta njia ya kuzivusha rekodi zake za zamani. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo uvushaji ulisimamiwa na watu waliokesha wakitazama kazi ikienda na kuiokoa ilipokwama, ilhali leo sehemu kubwa ya usimamizi huo inafanywa na programu zinazojiendesha katika majukwaa ya kuratibu makontena. Makala haya yanafuatilia safari hiyo, na yanadai kwamba kilichoifungulia njia ni uamuzi wa kuitoa kumbukumbu ya kazi kichwani mwa mtendaji wake na kuiweka mahali ambapo kifo cha mtendaji hakiigusi. Kontena na mratibu wake vilikuja kuuvuna uamuzi huo.

Katika miongo ya mwanzo ya kompyuta za biashara data ilihama kwa mafungu na kwa vipindi, mara nyingi ikiwa imerekodiwa kwenye utepe wa sumaku. Mwaka 1970 Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba data ipangwe katika majedwali yanayohusishwa kwa thamani zilizomo ndani yake, na kadiri hifadhidata za aina hiyo zilivyoenea, taasisi moja ikajikuta na hifadhidata nyingi zisizozungumzana: moja ya mishahara, nyingine ya wateja, nyingine ya bohari. Miaka ya 1990 ikazaa soko la programu maalumu za kuchota data kwenye chanzo, kuibadili umbo na kuipakia kwenye ghala la data, na kampuni ya Informatica, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni miongoni mwa zilizokua kutokana na hitaji hilo.

Kazi hiyo kwa kawaida ilifanyika usiku, wakati wateja wamelala na mfumo una nafasi ya kupumua. Programu ya Unix inayoitwa cron, ambayo huanzisha kazi kwa saa iliyopangwa, iliita skripti moja baada ya nyingine, na mhandisi wa zamu aliwekewa kitabu cha maelekezo, ambacho hapa kitaitwa daftari la zamu, kilichoeleza la kufanya iwapo mambo yangeharibika: angalia kama diski imejaa, futa jedwali la muda, anza tena kuanzia faili ya tatu, ikishindikana mpigie simu msimamizi wa hifadhidata. Maarifa ya kazi yaligawanyika hivyo mara mbili, sehemu moja ikiwa imeandikwa na nyingine, ambayo mara nyingi ndiyo iliyokuwa ya thamani zaidi, ikikaa kichwani mwa mtu aliyewahi kuona hitilafu ileile mwaka uliotangulia. Hata zana za kizazi kilichofuata, kama Sqoop iliyoanza mwaka 2009 kwa ajili ya kuvusha majedwali kati ya hifadhidata na Hadoop, mfumo wa kuhifadhi na kuchakata data nyingi kwenye seva nyingi, ziliendelea na mtindo wa mafungu, na mradi huo ulifungwa rasmi mwaka 2021.

Mageuzi ya kwanza yalitokana na kuutazama upya mkondo ambao hifadhidata zilikuwa nao siku zote. Hifadhidata nyingi, kabla ya kubadili jedwali, huandika badiliko hilo kwenye daftari la mabadiliko, yaani faili inayoongezwa mwishoni tu, ili mfumo ukizimika ghafla uweze kujenga upya hali yake. Daftari hilo likisomwa na programu ya nje, kila badiliko linaweza kunakiliwa kwingine mara tu linapotokea, pasipo kusubiri usiku wala kuyachosha majedwali kwa maswali makubwa. Katika kampuni ya LinkedIn, Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao walijenga Kafka, mfumo unaolichukua wazo hilo la daftari linaloongezwa mwishoni tu kuwa msingi wa mawasiliano kati ya programu zote za taasisi, nao ulitolewa kwa umma kama programu huria mwaka 2011. Ndani ya Kafka ujumbe hupangwa katika mada, kila mada hugawanywa katika sehemu kadhaa, na kila msomaji hutunza alama ya mahali, yaani namba inayoonyesha amefikia wapi katika kusoma.

Mwezi Novemba 2015 toleo la 0.9 la Kafka lilikuja na Kafka Connect, kiunzi kilichowaondolea wahandisi mzigo wa kuandika upya programu ya kuvusha data kwa kila chanzo na kila mwisho wa safari. Katika kiunzi hicho konekta ni kipande cha programu kinachojua kuzungumza na mfumo fulani, kwa mfano hifadhidata ya MySQL. Konekta hugawa shughuli yake katika vipande vya kazi, na vipande hivyo hutekelezwa na watendakazi, jina linalotumika hapa kwa michakato ya programu inayoendeshwa kwenye seva mbalimbali na kuunda kwa pamoja klasta, yaani kundi la mashine zinazofanya kazi kama moja. Mwaka uliofuata ulitokea mradi wa Debezium, ulioanzishwa na Randall Hauch akiwa katika kampuni ya Red Hat, ambao ulitoa konekta huria za kusoma madaftari ya mabadiliko ya hifadhidata kadhaa, zikiwemo MySQL na PostgreSQL.

Wakati hayo yakiendelea, historia nyingine ilikuwa ikijiandika upande wa mifumo endeshi. Kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ambamo programu huona faili na michakato yake tu ingawa inatumia kiini cha mfumo endeshi kimoja na wenzake, lina mizizi katika amri ya chroot ya Unix ya mwaka 1979, katika uzio ulioletwa na mfumo endeshi wa FreeBSD mwaka 2000, na katika kazi ya wahandisi wa Google iliyoingia katika kiini cha Linux mwaka 2008 ili kuweka mipaka ya kiasi cha kichakato na kumbukumbu ambacho kila kundi la michakato linaweza kutumia. Solomon Hykes alipoionyesha Docker mwezi Machi 2013, elimu hiyo ya wachache iligeuka kuwa zana ya kila mhandisi, kwa sababu programu na vitegemezi vyake vyote sasa viliweza kufungwa katika taswira moja inayoendeshwa popote. Google ilikuwa tayari na uzoefu wa muongo mzima wa kupanga kazi kwenye maelfu ya mashine kupitia mfumo wake wa ndani ulioitwa Borg, na mwezi Juni 2014 ilitangaza mradi huria wa Kubernetes, ambao waanzilishi wake ni pamoja na Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie, na toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2015.

Kanuni iliyobebwa na Kubernetes ilikuwa na wazee wake. Mwaka 1993 Mark Burgess, akiwa Oslo, aliandika CFEngine, programu iliyomruhusu msimamizi kueleza jinsi kompyuta inavyotakiwa kuwa, kisha programu yenyewe ikaivuta kompyuta kidogokidogo kuelekea hali hiyo, hata ikirudiwa mara nyingi bila madhara. Kubernetes iliichukua fikra hiyo na kuifanya uti wa mgongo wa jukwaa zima: mtumiaji hutamka hali inayotakiwa, kwa mfano nakala tatu za programu fulani, na ndani ya jukwaa mizunguko isiyokoma ya udhibiti hulinganisha tamko hilo na hali iliyopo, na inapoona tofauti huchukua hatua ya kuiondoa. Kipimo kidogo kabisa cha kazi katika jukwaa hilo huitwa podi, nayo ni kontena moja au zaidi yanayopangwa pamoja kwenye seva moja. Podi ikifa, mzunguko huzaa nyingine, na hakuna anayeulizwa.

Hapo ndipo palipokuwa na mgongano. Makontena yalibuniwa kwa programu zinazoweza kuuawa na kuzaliwa upya pasipo hasara, ilhali mwenye kuhamisha data ana wajibu wa kukumbuka: asipojua alifikia wapi, ama ataruka rekodi, ama atazirudia. Wasanifu wa Kubernetes walianza kulishughulikia tatizo hilo katikati ya mwaka 2016 kwa aina ya rasilimali iliyoitwa PetSet, ambayo iliipa kila podi jina la kudumu na diski inayoifuata, na ambayo mwishoni mwa mwaka huohuo ilibadilishwa jina kuwa StatefulSet, kisha ikatangazwa kuwa thabiti Desemba 2017. Suluhisho hilo liliwafaa wenye kutunza data, yaani hifadhidata na seva za Kafka zenyewe, lakini kwa wenye kuivusha lilikuwa zito kuliko hitaji lao, kwa maana mtendakazi wa Kafka Connect hahitaji diski ya kudumu hata kidogo.

Sababu ya kutoihitaji ndiyo kiini cha historia hii. Klasta ya Kafka Connect inapoendeshwa kwa mtindo wa kutawanywa hutunza kumbukumbu zake katika mada tatu za Kafka: ya kwanza ina usanidi wa konekta zote, ya pili ina alama za mahali ambapo kila konekta ya kuchota imefikia katika chanzo chake, na ya tatu ina hali ya kila kipande cha kazi, kama kinaendelea, kimesimamishwa au kimeshindwa. Mtendakazi akifa katikati ya kazi, wenzake huzisoma mada hizo na kuendelea pale alipoishia, mfano wa ofisi ambayo karani wake huandika kila kiasi kwenye daftari la ofisi badala ya kukishika kichwani, hata siku akiugua anayekaa kwenye kiti chake haulizi lolote. Muundo huo haukutungwa kwa ajili ya Kubernetes mahususi, lakini ulimfanya mtendakazi afae kuwekwa ndani ya kontena ambalo jukwaa linaweza kuliua wakati wowote, likitaka kupunguza mzigo wa seva au kubadili toleo la programu.

Kilichokuwa kimebaki ni maarifa ya daftari la zamu. Novemba 2016 kampuni ya CoreOS ilitangaza dhana ya opereta, yaani programu inayokaa ndani ya Kubernetes ikiwa na ujuzi wa msimamizi wa mfumo fulani ulioandikwa katika msimbo, na ikatoa mifano miwili ya kwanza, mmoja wa kusimamia etcd, ambayo ni hifadhi ya data ya klasta, na mwingine wa Prometheus, mfumo wa kupima na kufuatilia afya ya programu. Mwaka 2017 Kubernetes iliimarisha msingi wa dhana hiyo kwa kuruhusu watumiaji kuongeza aina zao za rasilimali katika lugha ya jukwaa, hata mtu aweze kutamka kwamba anataka klasta ya kuhamisha data kwa namna ileile anayotamka kwamba anataka podi tatu. Red Hat iliinunua CoreOS mwezi Januari 2018 kwa dola milioni 250, na ndani ya Red Hat hiyohiyo ndiko ulikochipuka mradi wa Strimzi, opereta ya kuendesha Kafka na jamaa zake katika Kubernetes, ambao mwaka 2019 ulipokewa na taasisi inayolea miradi huria ya aina hiyo, Cloud Native Computing Foundation.

Kazi ya opereta hiyo hueleweka vizuri zaidi ikitazamwa kwa karibu. Mhandisi huandika faili fupi inayosema kwamba anataka klasta ya Kafka Connect yenye watendakazi watatu, toleo fulani la programu, vyeti fulani vya usalama na kiasi fulani cha kumbukumbu. Kisha, katika faili ya pili, hueleza konekta moja, aina yake, idadi ya juu ya vipande vyake vya kazi na anwani ya hifadhidata inayosomwa. Opereta huisoma faili ya kwanza na kuunda podi, mtandao na siri zinazohitajika, na kwa faili ya pili huwasiliana na klasta hiyo na kuiagiza ianzishe konekta. Baada ya hapo, kwa kila dakika mbili ikiwa mpangilio wa kawaida haujabadilishwa, hurudi kukagua kama yaliyopo yanalingana na yaliyoandikwa. Mhandisi aliyezoea desturi ya zamani, akiamka usiku na kubadili usanidi wa konekta kwa kuiamuru klasta moja kwa moja, ataona badiliko lake limefutwa muda mfupi baadaye, maana kwa opereta ukweli ni ule ulio kwenye faili, na kila kilicho kinyume chake ni hitilafu ya kusahihishwa.

Badiliko hilo la mamlaka lilikuwa na faida iliyo wazi kwa taasisi zenye klasta nyingi. MirrorMaker ya kwanza, zana ya Kafka ya kunakili mada kutoka klasta moja hadi nyingine, ilikuwa ngumu kusimamia kwa kiwango kikubwa, kiasi kwamba LinkedIn yenyewe iliibadilisha kwa mfumo wake ulioitwa Brooklin, uliotolewa kwa umma Julai 2019. Desemba ya mwaka huo ikaja MirrorMaker ya pili, iliyojengwa juu ya Kafka Connect na yenye uwezo wa kutafsiri alama za mahali za wasomaji kutoka klasta ya chanzo hadi ya mwisho, jambo linalomwezesha msomaji kuhama pamoja na data yake. Kwa kuwa ilikaa juu ya kiunzi kilekile, Strimzi iliweza mwaka 2020 kuisimamia kwa tamko la faili moja, na kazi ya kuhamisha klasta nzima kutoka kituo kimoja cha data hadi kingine ikawa jambo la kuandikwa, kukaguliwa na wahandisi wengine, na kutunzwa kama msimbo mwingine wowote.

Hata hivyo kujiendesha huko kulifichua kasoro ambazo usimamizi wa mkono ulikuwa umezifunika. Ya kwanza ilihusu mgao wa kazi: katika matoleo ya awali, kila mtendakazi alipoingia au kutoka, klasta nzima ilisimamisha vipande vyote vya kazi ili kuvigawa upya, na katika jukwaa ambalo podi hubadilishwa moja baada ya nyingine kila toleo jipya linapowekwa, usumbufu huo ulijirudia kwa idadi ya podi. Toleo la 2.3 la Kafka, lililotoka mwaka 2019, lilileta mgao wa hatua kwa hatua, ambapo vipande visivyoguswa huendelea na kazi, na mtendakazi aliyepotea husubiriwa dakika tano kabla kazi zake hazijapewa wengine, muda unaotosha kwa kawaida podi mpya kuzaliwa.

Kasoro ya pili ilikaa upande wa chanzo. Hifadhidata ya PostgreSQL humtengea msomaji wa daftari lake nafasi ya urudufishaji, yaani ahadi ya kutofuta kurasa ambazo msomaji hajathibitisha kuzipokea. Konekta ikifutwa pamoja na podi zake lakini nafasi hiyo ikasahaulika, hifadhidata huendelea kulitunza daftari kwa ajili ya msomaji asiyekuwepo hadi diski ijae na biashara isimame, na ni toleo la 13 la mwaka 2020 lililoleta uwezo wa kuweka kikomo cha kurasa zinazotunzwa. Kasoro ya tatu ilihusu kurudia: ahadi ya asili ya konekta za kuchota ilikuwa kuufikisha kila ujumbe angalau mara moja, hivyo mtendakazi aliyekufa baada ya kutuma ujumbe lakini kabla ya kuandika alama ya mahali alisababisha ujumbe huo kutumwa tena, na ni mwaka 2022, katika toleo la 3.3, ambapo ujumbe na alama yake viliweza kuandikwa kwa muamala mmoja, kwa konekta zilizoandaliwa kwa ajili hiyo.

Marekebisho hayo matatu yanafanana kwa jambo moja, kwamba kila moja liliweka bayana kile ambacho zamani mtu wa zamu alikijua kimyakimya: kwamba podi inayokufa huenda ikarudi, kwamba msomaji asiyerudi lazima afutwe kwenye orodha, na kwamba kutuma na kukumbuka ni tendo moja.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hayajaingia katika faili ya tamko. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza, yenye wateja milioni 5.2, ilihamisha mifumo yake kutoka jukwaa la mmiliki wake wa zamani hadi jukwaa jipya, na wadhibiti waliochunguza mkasa huo walieleza kwamba data yenyewe ilihama salama, lakini jukwaa lililoipokea liliharibika mara moja na sehemu kubwa ya wateja ikakosa huduma. Desemba 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Opereta ya kuhamisha data, kama ingekuwepo, ingeripoti kwamba hali iliyopo inalingana na hali inayotakiwa, maana hali iliyoandikwa haikuhusu kama mteja anaweza kuingia kwenye akaunti yake.

Afrika Mashariki nayo ina sababu zake za kuifuatilia historia hii. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007, ilitegemea seva zilizokuwa nje ya nchi hadi mwaka 2015, kampuni inayoiendesha, Safaricom, ilipozihamisha kutoka Ujerumani hadi Kenya, na tangu wakati huo suala la mahali data inapokaa limepata uzito wa kisheria kupitia Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, ambazo zote zinaweka masharti ya kuvusha taarifa za watu nje ya mipaka. Programu inayonakili mada kati ya klasta mbili haijui kwamba moja iko Nairobi na nyingine Ulaya, wala haiwezi kupima kama sheria inaruhusu. Itatekeleza ilichoandikiwa, kwa uaminifu na kwa kasi, hata kama kilichoandikwa ni kosa.

Hukumu inayotokana na historia hii ni kwamba usimamizi wa klasta za kuhamisha data umejiendesha pale tu ambapo maarifa yamewekwa nje ya mtu na kumbukumbu imewekwa nje ya mashine inayofanya kazi, na kwamba maswali ya maana ya data, haki ya kuivusha na saa ya kuuzima mfumo wa zamani yangali mikononi mwa binadamu. Taasisi inayoanza kazi hii leo inapaswa kuuliza kwanza alama za mahali zinatunzwa wapi, nani atazifuta nafasi za wasomaji waliokufa, na nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba uhamisho umekamilika. Ikishayajibu maswali hayo, kuchagua opereta hakutaisumbua. Isipoyajibu, opereta yoyote itakayoiweka itairudia hitilafu yake kila dakika mbili.